Nyumba ya kiwandani na mikono ya majirani



Mara nyingi katika vijitabu kama hiki tunazungumza juu ya ndoa, kilio, majina ya watoto na ngoma. Leo tunaleta jambo ambalo wengine watasema si la mila: nyumba inayotengenezwa kiwandani, inayopimwa na kukatwa mbali, halafu inabebwa vipande vipande mpaka kwenye kiwanja na kuunganishwa pale. Sisi tunasema ni jambo la mila kabisa. Wazee wetu walipouliza juu ya mtu, "Iko na nyumba?", hawakuuliza juu ya kuta peke yake. Waliuliza kama ana watu, kama ana mahali pa kupokea mgeni, kama siku ya kilio kuna mlango ambao watu wataujua. Basi tujiulize: nyumba ambayo mikono yetu haikuijenga, inaweza kuwa kwetu? Na tunapomjengea mwenzetu aliyepatwa na shida, tunapaswa kumpa nini: nyumba, ama sisi wenyewe?

1. Mabishano yaliyotupata

Swali hili hatukulitoa katika vitabu. Lilitupata sisi wenyewe. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima Nyiragongo ulipasuka tena. Moto ulishuka mpaka Buhene, kwenye mlango wa mji wa Goma, ukasimama hapo. Mama mmoja wa chama chetu, mjane mwenye watoto wanne, aliporudi kutoka ukimbizini alikuta parseli yake imefunikwa na majiwe meusi ambayo yalikuwa bado yanatoa moshi. Nyumba haikuwapo, choo hakikuwapo, wala ule mti wa avoka ulioonyesha mpaka wake na jirani.

Tulikutana siku ya mungu, tukachanga. Franga zilipohesabiwa, mabishano yakaanza. Kijana mmoja alisimama akasema: "Bazee, kuko atelye yenye inatengenezaka nyumba nzima ndani ya hangari. Kuta, milango, madirisha, yote tayari. Siku tatu, mama anaingia." Muzee wetu mmoja akamjibu: "Mwanangu, nyumba haiuzwake sawa sukari. Nani atabeba majiwe? Nani atakuja kusema kama alituona pale siku tulijenga?" Yeye alitaka tufanye salongo, kama zamani: kila mtu na siku yake, huyu jiwe, yule mti, mwingine chakula, mpaka nyumba isimame.

Tulibishana saa mbili. Kila upande ulikuwa na mithali zake. Mwishoni yule mama, ambaye hakuna mtu alikuwa amemuuliza, aliomba neno. Akasema: "Bazee wangu, mvua haingojake mukutano." Wote tukanyamaza. Tukachagua nyumba ya atelye.

Tutarudi kwake. Kwanza tuangalie nyumba hizi zilitoka wapi, maana wengi wanafikiri ni jambo la juzi.

2. Nyumba zinazosafiri

Wenye kwanza kuhitaji nyumba inayobebwa walikuwa watu wanaohama. Karibu na mwaka 1830, seremala mmoja wa London, John Manning, alimtengenezea mtoto wake nyumba ya mbao ya kufunguliwa na kufungwa, maana mtoto alikuwa anasafiri kwenda Australia, mahali ambapo hangekuta fundi wala mbao zilizokatwa. Baadaye Manning aliuzia wahamiaji wengine nyumba za namna ile. Tuangalie vizuri: nyumba ya kwanza ya namna hii ambayo tunaitaja hapa ilitoka kwa baba kwenda kwa mtoto wake. Haikuanza bila upendo.

Nchini Marekani, kampuni ya Sears iliuza nyumba kupitia kitabu cha picha kuanzia mwaka 1908 mpaka 1940. Ulichagua nyumba katika kitabu, ukatuma pesa, na treni ikakuletea maelfu ya vipande pamoja na maelezo ya namna ya kuviunganisha. Inasemwa ziliuzwa zaidi ya 70.000. Watu wengi waliziinua wenyewe, pamoja na ndugu na majirani.

Kisha vita vikuu vya pili vikabomoa miji ya Ulaya. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1944 ili watu wapate nyumba za haraka. Viwanda vilivyokuwa vinatengeneza ndege za vita viligeuzwa vitengeneze nyumba, na zaidi ya 150.000 zikasimamishwa katika miaka michache. Serikali ilisema zitakaa miaka 10 tu. Lakini kule Catford, upande wa kusini mwa London, watu waliendelea kukaa katika nyumba hizo zaidi ya miaka 60, wakapanda maua, wakazeeka humo, na mwaka 2009 sita kati yake ziliandikwa kuwa mali ya historia ambayo haipaswi kubomolewa ovyo. Nyumba iliyoitwa ya muda ilikuwa imekuwa kwao.

Na sisi huku? Tusifikiri Kongo ilibaki nyuma ya habari hii. Kule Boma, mji uliokuwa makao makuu wakati wa Leopold II, kuna kanisa la chuma ambalo vipande vyake vilitengenezwa Ubelgiji katika miaka ya 1880, vikaletwa kwa meli, vikaunganishwa karibu na mto. Hata ng'ambo ya mto, kule Brazzaville, mwaka 1951 zilisimamishwa nyumba mbili za aluminiamu na chuma za fundi Mfaransa Jean Prouvé. Nyingine ilikuwa imepelekwa Niamey mwaka 1949. Alizitengeneza Ufaransa, zikasafirishwa kwa ndege. Zilikuwa na akili nyingi: paa la kuacha hewa ipite, veranda pande zote, kuta za kukinga jua. Lakini zilikuwa ghali kuliko kujenga hapahapa, na hazikuzidi tatu.

Mwisho wa habari hiyo ni mafundisho. Karibu na mwaka 2000 nyumba hizo zilifunguliwa zikarudishwa Ufaransa. Mwaka 2007 moja ya zile za Brazzaville iliuzwa kwa mnada New York karibu dola milioni 5. Mwaka 2008 Manthia Diawara, mtu wa Mali, alitengeneza filamu akiwauliza watu wa Niamey na Brazzaville juu ya nyumba hizo zilizoondoka. Nyumba ilikaa Afrika miaka 50, halafu ikaenda zake kama mgeni aliyemaliza safari. Ilikuja bila sisi, ikaondoka bila sisi.

3. Tusikatae faida zake

Hapa tunapenda kusema ukweli, kwani kuna watu wanaotetea mila kwa kutukana kila kitu kipya. Hiyo haisaidii mila.

Nyumba ya kiwandani ina faida kubwa. Ya kwanza ni muda. Wakati watu wanatengeneza msingi kwenye kiwanja, kuta zinatengenezwa kiwandani siku zilezile. Kazi mbili zinaenda pamoja. Ya pili ni mvua. Sisi wa Kivu tunajua mvua inavyoharibu mbao zilizolala nje na simenti iliyofunguliwa. Ndani ya hangari mbao inabaki kavu, na fundi hasimamishi kazi. Ya tatu ni kipimo. Mashine inakata mbao 100 sawasawa, na vipande vinavyobaki vinatumika pengine. Kwenye kiwanja vingekuwa kuni. Ya nne ni bei: kazi ya kurudiarudia inapunguza gharama. Ndiyo maana Marekani karibu watu milioni 20 wanakaa katika nyumba zilizotoka kiwandani, wengi wao watu wa kipato kidogo, na kuanzia mwezi wa 6 mwaka 1976 nyumba hizo zina sheria moja ya nchi nzima kuhusu uimara, moto na umeme.

Na sisi watu wa Goma tuna sababu yetu zaidi. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Uliunguza kanisa kuu la Saint-Joseph, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaacha watu karibu 120.000 bila nyumba. Waliorudi walijenga juu ya majiwe yenye moto bado. Walijenga kwa nini? Kwa mbao, manjanja na shitingi, vitu ambavyo vinapatikana haraka, vinapigiliwa haraka, na vinaweza kufunguliwa. Katika mji wetu si ajabu kuona nyumba ya mbao inafunguliwa ukuta kwa ukuta, inapandishwa juu ya gari ama tshukudu, inapelekwa kwenye parseli nyingine. Kwa hiyo mtu asituambie nyumba inayosafiri ni jambo la wazungu. Sisi tunakaa chini ya mlima, tunajua thamani yake.

Hata zamani za mababu nyumba haikuwa ya milele. Nyumba ya matete na majani iliwekwa upya kila baada ya miaka. Kama mzee alikufa, katika makabila mengine nyumba yake iliachwa ama ilibomolewa. Kilichodumu hakikuwa kuta. Kilichodumu kilikuwa watu waliojua kwamba hapa ni kwa fulani.

Hapo ndipo neno letu lilipo.

4. Kitu ambacho kiwanda hakitumi

Tulipofanya salongo zamani, tulidhani tunajenga ukuta tu. Kumbe tulikuwa tunafanya kazi mbili. Kila mtu aliyebeba jiwe alikuwa anakuwa shahidi. Alijua mpaka unapita wapi, alijua mlango ulitazama upande gani, alijua ni nani aliyetoa ardhi na mbele ya nani. Siku kesi ya parseli inapotokea (na hapa kwetu nani hajui kesi za parseli?), karatasi inaweza kupotea, ama mtu mwingine anatokea na karatasi yake. Lakini watu 30 waliobeba majiwe si rahisi kuwafuta wote. Hata baada ya mwaka 2002, mipaka ilipozikwa chini ya majiwe, wengi waliuliza majirani: "Kwangu ilikuwa inaishia wapi?"

Nyumba ya kiwandani inakuja na fakture, inakuja na misumari yake, inakuja na karatasi ya maelezo. Haiji na mashahidi.

Kule Marekani jambo hili linaonekana kwa namna nyingine. Watu wengi wenye nyumba za kiwandani wamenunua nyumba lakini ardhi wanaikodi. Nyumba ni yao, udongo ni wa mwingine. Mwenye ardhi akipandisha bei, ama akiuza kiwanja, wanaambiwa: chukueni nyumba yenu muende. Lakini kuihamisha ni gharama kubwa, na nyumba iliyozeeka inaweza kuvunjika njiani. Basi nyumba iliyojengwa juu ya magurudumu inamfunga mwenyewe kuliko nyumba ya mawe. Kosa si la kuta. Kosa ni kwamba mtu alipata nyumba bila kupata mahali.

5. Yaliyotokea kwa mama yetu

Sasa turudi kwa mama wa Buhene. Atelye ilitimiza ahadi ya muda. Gari lilileta kuta asubuhi, mafundi wanne wakaziunganisha, na siku ya tatu mama aliingia na watoto wake. Tulikwenda kumtazama, tukaimba, tukapiga picha, tukarudi nyumbani. Tulijisikia vizuri sana. Tuliandika katika daftari ya chama: kazi imekwisha.

Na kweli kwetu ilikuwa imekwisha. Hilo ndilo linalotuuma mpaka leo. Kama tungefanya salongo, tungerudi kwake kila juma, na katika kurudi tungeona watoto hawaendi shuleni, tungeona hana mahali pa kupikia, tungesikia jirani mmoja ameanza kusogeza majiwe ya mpaka. Nyumba ilikwisha kwa siku tatu, na sisi tukakwisha pamoja nayo. Miezi minne ilipita. Upepo mkali ukainua manjanja mawili ya paa. Mama akaenda kwenye ile atelye, wakamwambia kazi yao ilikuwa kuuza. Akatuma neno kwetu, kila mmoja wetu akafikiri mwingine atakwenda.

Ni yule muzee aliyepinga toka mwanzo ndiye aliyetangulia. Alipanda ngazi mwenyewe, na miaka yake ile, akapigilia manjanja. Halafu akatuita. Tulifika na haya usoni, tukingoja aseme: "Niliwaambia." Hakusema vile. Alimuuliza mama mbele yetu: "Mama, useme kweli. Tungekujengea na salongo, ungefurahi zaidi?" Mama akajibu: "Hapana, muzee. Mvua ya mwezi wa tisa ingenikuta inje na batoto. Hii nyumba ilituokoa. Lakini ilinifikia sawa kifurushi. Nilikuwa nangoja wenye walituma, sikubaona."

Muzee akatikisa kichwa. Akasema: "Basi sote tulikosa. Mimi nilitaka kukufanya ungoje juu ya mila yangu. Hawa walitaka kukumaliza haraka ili walale."

Tunaandika maneno haya jinsi yalivyosemwa, kwa sababu yametuhukumu sote. Wenye kutetea salongo walikuwa tayari kumwacha mjane chini ya shitingi miezi mitatu ili desturi iheshimiwe. Mila inayomwacha mtu katika mvua imesahau ilizaliwa kwa nini. Na wenye kutetea kiwanda walitumia haraka kama mlango wa kutokea. Walilipa ili wasirudi.

6. Siku ya tatu mpe jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mithali hii watu wengi wanaitumia kumfukuza mgeni, kumbe maana yake si kufukuza. Ukimpa mgeni jembe umemwingiza katika kazi ya nyumba. Tokea siku ile si mgeni tena.

Sisi tunadhani nyumba ya kiwandani ifanyiwe vilevile. Ni mgeni. Tuipokee, kwa sababu inakuja na zawadi ya kweli: inakausha watoto kabla ya usiku. Lakini siku ya tatu tuipe jembe. Tuiingize katika kazi yetu. Kwa mama wa Buhene tulifanya hivi, tumechelewa lakini tumefanya: Jumamosi nne mfululizo tulikwenda kubeba majiwe ya volkano, yale yale yaliyomwangamiza, tukazungusha msingi ili mbao zisiguse ardhi yenye maji. Tukajenga jiko la nje. Tulimwita chefu wa avenue na majirani wa pande zote, tukapima mpaka, kila mmoja akaweka jiwe lake kwa mkono wake, hata yule aliyekuwa anasogeza. Wamama wakapika, kasiksi ikatoka. Kijana aliyeleta wazo la atelye alifundisha watoto wakubwa wa mama namna ya kufungua na kufunga ukuta, ili siku mlima ukiamka tena waweze kuibeba nyumba yao.

Siku ile, nyumba iliyokuwa imesimama miezi mitano ndiyo ilijengwa.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili. Nyumba ambayo mikono yetu haikukata mbao zake inaweza kuwa kwetu. Watu wa Catford walionyesha, na watu wa Goma wanaonyesha kila siku. Lakini kiwanda kinatuma kuta. Hakitumi jirani, hakitumi shahidi, hakitumi mtu wa kupanda juu ya paa upepo ukivuma. Hivyo vitatu vinatengenezwa hapahapa tu, na havina mashine.

Mashauri yetu kwa vyama vingine ni machache. Msichelewe kumsaidia mtu kwa sababu ya kupenda desturi. Kama nyumba ya haraka iko, ichukueni. Kabla ya kuinunua, hakikisheni udongo ni wa mwenyewe na majirani wanajua, kwani nyumba nzuri juu ya ardhi ya mashaka ni mzigo. Ulizeni nani ataitengeneza ikiharibika, na kama vipande vyake vinapatikana sokoni kwetu. Na siku mafundi wanapoondoka, msiandike katika daftari kwamba kazi imekwisha. Andikeni tarehe ya kurudi.

Nyumba njema si mlango, walisema wazee. Sisi tunaongeza: wala si kiwanda ilikotoka. Ukitaka kujua kama nyumba ni njema, pita pale siku ya mvua, uangalie nani anakuja kuuliza hali.